Tathmini ya mfumo wa hakimiliki wa YouTube, kutoka kwa mtu anayeishi kwa vipande vya filamu za wengine

Kazi yangu ni kuhariri video za uchambuzi wa filamu. Nachukua tukio moja, nalikata vipande, nalisimamisha katikati, nachora mstari pale kamera ilipohama, kisha nasema kwa nini mwongozaji amefaulu au amechemsha. Bila kipande chenyewe hakuna uchambuzi. Mkato wa picha hauelezeki kwa maneno matupu; sharti mtu auone.

Ndiyo maana ile sehemu ya YouTube Studio, yaani ukurasa ambao mpakiaji anasimamia video zake, inayoshughulikia hakimiliki naijua kuliko hata programu ninayohariria, na ndiyo ninayoitathmini hapa: ukaguzi wa kabla ya kuchapisha, ukurasa wa madai, pingamizi na rufaa, zana za kurekebisha, na kichujio cha leseni za Creative Commons, yaani ruhusa ambazo mwenye kazi anazitoa mapema kwa wote. Namwandikia mwalimu, mkosoaji, mwanahabari na mchambuzi mwenzangu. Anayepakia filamu nzima ya mtu ili apate watazamaji sina la kumwambia.

Nianze na kizuri, maana kipo. Hatua ya Ukaguzi, iliyoongezwa mwaka 2021, ndicho kitu bora kuliko vyote katika mfumo huu. Unapopakia video, kabla haijaonwa na mtu, inapitishwa kwenye Content ID, mashine ya YouTube inayotambua kazi za wengine, na unaambiwa kama kuna kilichotambuliwa. Kwa kawaida ni suala la dakika chache. Mimi huiacha video ikiwa ya faragha mpaka Ukaguzi uishe, hata kama mteja ananisukuma. Dai likitokea hapo unaliona ukiwa peke yako, mtazamaji hajafika na matangazo hayajaanza, na unaamua umetulia: nikate, nipinge, au niache hivyo hivyo. Kabla ya hapo ulikuwa unachapisha kwanza, ndipo dai likufuate wakati watu wameshaanza kutazama. Hii nyota tano, bila kusita.

Content ID yenyewe ilianza mwaka 2007. Mwenye haki anakabidhi nakala ya kazi yake, mfumo unaitengenezea alama ya utambulisho ya sauti na picha, na kila video inayopakiwa inalinganishwa na hazina hiyo. Ikifanana, hatua inayofuata imeshaamuliwa zamani: mwenye haki alichagua mapema kama anazuia video, anaweka matangazo na kuchukua mapato, au anafuatilia takwimu tu. Anaweza pia kuchagua tofauti kwa kila nchi, kwa hiyo video ileile inaweza kuonekana huku na kufungwa kule.

Ukurasa wa dai umepangwa vizuri, lazima niseme. Unaona jina la kazi iliyotambuliwa, nani anadai, inaanza dakika gani na kuishia dakika gani ndani ya video yako, kama kilichonaswa ni picha, sauti au melodi, na dai hilo linafanya nini. Ukibonyeza muda, unachezewa kipande chenyewe. Madai yanayowekwa kwa mkono, yaani na mtu badala ya mashine, zamani yalikuwa hayasemi ni wapi hasa. Tangu 2019 mdai analazimika kutaja muda, na mwaka huohuo YouTube ikapiga marufuku kutumia madai ya mkono kuchukua mapato ya video kwa sababu ya muziki wa sekunde chache tu au uliosikika kwa bahati. Yalikuwa mabadiliko ya maana sana kwa watu wa kazi yangu.

Sasa kasoro kubwa. Mfumo unajua kwa usahihi wa kutisha ni nini umechukua. Haujui, wala haukuulizi, umekichukua ufanye nini. Na hilo la pili ndilo sheria inaloanza nalo.

Chukua sheria ya Marekani, kwa kuwa ndiyo iliyotawala muundo wa mfumo wote. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Hakimiliki ya 1976 kinahusu "matumizi ya haki", yaani kutumia kazi ya mtu bila ruhusa kwa namna ambayo sheria inakubali, na kinamtaka hakimu apime mambo manne: kusudi na namna ya matumizi, aina ya kazi iliyochukuliwa, kiasi na uzito wa kilichochukuliwa, na athari kwa soko la kazi ya asili. Mashine inaweza kupima moja tu kati ya hayo, kiasi, na hata hapo inahesabu sekunde bila kupima uzito. Nchi nyingine zina njia zao. Uingereza, Kanada na India zinaruhusu matumizi kwa makusudi yaliyotajwa, yakiwemo ukosoaji na uhakiki. Umoja wa Ulaya, katika maagizo yake ya 2019, uliyataka majukwaa yalinde nukuu, ukosoaji, uhakiki, katuni za dhihaka na parodia, yaani uigaji wa kuchekesha. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, uliotiwa saini mara ya kwanza mwaka 1886, katika kifungu chake cha 10 unaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kihalali, mradi iwe kwa uungwana, isipite kiasi ambacho kusudi linahitaji, na chanzo na mtunzi watajwe. Angalia: kusudi linajirudia kila mahali.

Kesi ninayowapa wanafunzi wangu wa uhariri ni ile ya Hosseinzadeh dhidi ya Klein, iliyoamuliwa New York mwaka 2017. Ethan na Hila Klein, wa chaneli ya h3h3, walitengeneza video ya karibu dakika 14 wakiikosoa video ya mtu mwingine. Ya asili ilikuwa na dakika 5 na sekunde 24. Wao walitumia dakika 3 na sekunde 15, yaani zaidi ya nusu. Mtu aliyezoea kuambiwa kwamba sekunde 10 zinaruhusiwa lakini 30 ni hatari atadhani walishindwa. Walishinda. Hakimu Katherine Forrest aliona kwamba vipande vilitawanywa, vinakatishwa kila mara na maoni, na aliyetazama video ya Klein hajapata mbadala wa kutazama ya asili. Lakini hakimu huyohuyo aliweka angalizo ambalo watu huliruka: si kila video ya mtu anayetazama na kutoa maoni inalindwa, kwa kuwa nyingine hazina tofauti na kukaa pamoja kutazama, bila ukosoaji wowote. Nimeona video za namna hiyo nyingi mno. Uso wa mtu kwenye kona, filamu ya mwenyewe imejaa skrini nzima, na kicheko kila baada ya dakika mbili. Hao hawatetewi na kesi hii.

Upande wa pili iko kesi ya Harper & Row ya mwaka 1985. Jarida la The Nation lilichukua takriban maneno 300 kutoka muswada wa maneno 200,000 wa kumbukumbu za Rais Gerald Ford, kabla kitabu hakijatoka. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema si matumizi ya haki, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba yale maneno machache yalikuwa moyo wa kitabu. Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja, ile kanuni ya sekunde inayozungushwa kila siku inakufa. Nusu ya video ilipita. Maneno 300 yalikwama. Na mwaka 2023, kwenye kesi ya picha ya mwanamuziki Prince iliyochorwa na Andy Warhol, mahakama hiyohiyo ilikaza zaidi: ukiitumia kazi ya mtu kwa kusudi lilelile na la asili, kibiashara, kuibadilisha sura peke yake hakutoshi. Wanaogeuza picha kushoto kulia, wanaokuza kidogo, wanaoweka fremu ya rangi, na wanaoandika chini ya video kwamba hawadai haki yoyote, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojibu swali la kusudi. Kugeuza picha ni kujaribu kuikwepa mashine, na mdai wa kibinadamu akiona hivyo anakuchukulia mwizi moja kwa moja.

Basi mahali pekee katika mfumo ambapo unaruhusiwa kusema kusudi lako ni kwenye fomu ya pingamizi. Hapo ndipo nimetumia muda wangu mwingi.

Utaratibu uko hivi. Unapinga dai, mdai anapewa siku 30 kujibu. Asipojibu, dai linakwisha lenyewe. Anaweza kuliachia, kulishikilia, au kuomba video iondolewe. Akilishikilia unakata rufaa, naye hapo ana siku 7: aachie au atume notisi ya kisheria ya kuondoa video, ambayo ikikubaliwa inakuletea onyo la hakimiliki. Maonyo matatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufungwa. Kuhusu fedha, ukipinga ndani ya siku 5 tangu dai liwekwe, mapato yanawekwa kando kuanzia siku ya kwanza mpaka mgogoro uishe, kisha anapewa aliyeshinda. Ukichelewa, yanawekwa kando kuanzia siku uliyopinga tu. Hizo siku 5 zishike kichwani.

Nilikuwa na video inayochambua jinsi tukio la mezani lilivyokatwa katika filamu moja. Dai likaja, halikutoka kwa wenye filamu, lilitoka kwa kampuni inayosambaza muziki, kwa sababu wimbo ulikuwa unalia kwa mbali redioni ndani ya tukio lenyewe. Nikaandika hivi, nanukuu jinsi ilivyokuwa:

"Kipande kinaanza 4:10 hadi 4:32. Ni tukio kutoka filamu ninayoichambua. Kuanzia 4:14 sauti yangu inaeleza kwa nini mhariri amekata picha kabla mzungumzaji hajamaliza sentensi, na 4:21 nimesimamisha picha kuonyesha mkato wenyewe. Muziki unasikika kwa kuwa ni sehemu ya sauti ya tukio hilo, sikuuongeza mimi. Anayetaka kusikiliza wimbo wenu hawezi kuusikiliza hapa."

Kampuni ikalishikilia dai. Hakuna sababu, hakuna hata neno moja. Nikakata rufaa kwa maneno yaleyale, wakaliachia, tena kimya. Hilo liliniuma na bado linaniuma: mimi nilieleza sekunde kwa sekunde, na mfumo haumlazimishi upande wa pili kueleza chochote. Mdai ndiye hakimu wa kwanza wa dai lake mwenyewe. Kwa hatua ya pingamizi natoa nyota mbili, na zote mbili ni za zile siku 5 na fedha kuwekwa kando.

Msiogope kupinga, hata hivyo, kama kazi yenu ni ya kweli. Ripoti ya uwazi ya YouTube yenyewe kwa nusu ya kwanza ya 2021 ilionyesha madai ya Content ID zaidi ya milioni 722. Yaliyopingwa ni milioni 3.7 tu, chini ya asilimia moja, na kati ya hayo yaliyopingwa asilimia 60 yaliishia kwa ushindi wa aliyepakia. Wengi wanakaa kimya kwa kuogopa neno lenyewe, hakimiliki, ilhali pingamizi la kwanza halileti onyo lenyewe kwa lenyewe; onyo linakuja tu pale mdai anapoamua kwenda njia ya notisi na notisi ikakubaliwa.

Na mashine hukosea waziwazi. Agosti 2012, video ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ya kutua kwa chombo cha Curiosity kwenye Mirihi iliondolewa kwa muda kwenye chaneli ya NASA yenyewe, kwa dai la shirika la habari lililokuwa limetumia picha hizohizo za NASA. Mwanzoni mwa 2018 mwanamuziki mmoja wa Australia alijikuta na madai matano juu ya video ya saa 10 ya mvumo mtupu aliouzalisha kwa kompyuta yake. Hayo ndiyo ninayowaonyesha watu wanaodhani dai likija basi umeshahukumiwa.

Ikifika kwenye notisi ya kisheria, mambo yanakuwa mazito na nawaomba msiende kichwa kichwa. Unajibu kwa hati ya kupinga notisi chini ya DMCA, sheria ya Marekani ya 1998 ya hakimiliki mtandaoni. Ndani yake unaweka jina lako halisi na anwani yako, na vinapelekwa kwa mdai. Unakubali pia mamlaka ya mahakama za Marekani, hata kama hujawahi kukanyaga huko. Mdai ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi. Asipofanya hivyo, video inaweza kurudishwa. Kwa mtu anayekosoa watu wenye nguvu, kumkabidhi mlalamikaji anwani ya nyumbani ni jambo la hatari, na naona ni udhaifu mkubwa wa sheria yenyewe. Wakili anaweza kuwasilisha kwa niaba yako. Kama video ina uzito, mtafute.

Mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema mwaka 2015, katika kesi ya Lenz dhidi ya Universal iliyotokana na video ya sekunde 29 ya mtoto akicheza muziki, kwamba mwenye haki lazima atafakari matumizi ya haki kabla ya kutuma notisi ya kuondoa. Uamuzi mzuri. Ila unahusu notisi za kisheria. Dai la Content ID ni utaratibu wa jukwaa lenyewe, na hapo hakuna anayelazimishwa kutafakari.

Zana za kurekebisha nitazipitia haraka. Studio inakuwezesha kukata kipande kilichodaiwa, kunyamazisha sauti, au kubadilisha wimbo, bila kupakia upya. Kile cha kufuta wimbo na kuacha mazungumzo kiliboreshwa mwaka 2024 na kwa sauti safi kinafanya kazi. Kwa uchambuzi sikitumii kirahisi. Nikiondoa muziki kwenye tukio ninalochambua sauti yake, nimemwonyesha mtazamaji tukio ambalo mwongozaji hakulitengeneza.

Kichujio cha Creative Commons nacho nakipenda kwa tahadhari. Ukitafuta video, fungua vichujio, chagua Creative Commons, unapata zile ambazo wapakiaji wamezitoa kwa leseni ya CC BY: tumia, badilisha, hata kibiashara, mradi umtaje mwenyewe. YouTube iliongeza chaguo hili mwaka 2011. Tatizo ni kwamba anayeweka alama ya leseni ni mpakiaji, na hakuna anayethibitisha kama kitu ni chake. Nimekuta mechi za mpira zikiwa na alama ya CC BY. Mpakiaji hana mechi ya kugawa, kwa hiyo hajakupa kitu, na mwenye mechi akija utakayesimama mbele yake ni wewe. Kabla sijagusa kipande naingia kwenye chaneli na kutazama video zake nyingine. Kama ni mkusanyiko wa televisheni kumi tofauti, natoka. Kama ni mtu mwenye kamera yake, sauti yake na mahali pake panapojirudia, nakaa. Halafu napiga picha ya skrini inayoonyesha leseni na tarehe, kwa sababu mpakiaji anaweza kuibadilisha kesho. Ruhusa uliyoipata jana haifutiki, lakini utaithibitishaje?

Nje ya YouTube leseni si moja. Penye NC, biashara hairuhusiwi. Penye ND, huwezi kukata na kuchanganya na cha kwako ukaisambaza. Penye SA, kazi yako inayotokana nayo lazima itoke kwa leseni hiyohiyo, na hili wengi huligundua mteja akiwa ameshalipa. Kwa picha za zamani naenda kwenye mkusanyiko wa filamu wa Prelinger ndani ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, na kwa anga za juu naenda NASA, ambayo video zake kwa kawaida hazina hakimiliki, ingawa nembo yake si ya kuchezea. Kichujio nakipa nyota tatu.

Kitu kimoja ningewaomba wahandisi wa YouTube. Kwenye hatua ya Ukaguzi, kipande kinapotambuliwa, wekeni kisanduku cha mistari mitatu: umekitumia kufanya nini? Kipelekeni kwa mdai kabla kanuni yake aliyoiweka zamani haijafanya kazi, na akitaka kuendelea naye aandike mistari mitatu yake. Mimi maelezo hayo ninayo tayari. Kila ninapoweka kipande cha mtu kwenye mradi naandika pembeni kimetoka wapi, dakika ngapi, na ninasema nini juu yake. Kikikosa hicho cha tatu, nakitoa kabla ya kupakia.